Nyumba Yenye Mdomo Mmoja

Ilipotimu saa saba mchana, mikono ya waombolezaji ilitetema yote kwa mpigo, na kabla shehe hajafunga dua watu walianza kuinuka.

Walijitahidi kuinuka kwa adabu, hilo mfiwa, Mbaruku, hakuwanyima. Huyu alijifanya ananyoosha goti, yule alijifanya kaitwa nje. Mmoja alimshika bega akamwambia, "Pole sana, Fundi, narudi sasa hivi," na mkononi mwake ukanda wa Shibe ulikuwa unawaka kijani: mfuko wako wa mchana umefika dirishani, uje uupike. Wanawake nao wakatoka vyumbani mmoja mmoja, khanga zimefunika vipaji vya uso, macho chini. Muda si muda, baraza iliyokuwa imejaa hadi ngazini ikabaki mikeka na jozi moja ya makubadhi.

Makubadhi yale yalikuwa ya Lugusha.

"Wewe mbona huendi kula?" Mbaruku alimwuliza.

"Wali wangu uko Urambo," alisema Lugusha. "Uko dirishani kwangu unanisubiri, maskini. Niliwaambia Shibe nakwenda Tanga kumzika mtani wangu, wauhamishe. Wakanijibu ombi linashughulikiwa. Labda watauhamisha siku nikifa mimi, uwe wa kuwekewa kaburini."

Lugusha alikuwa Mnyamwezi, mtani wa marehemu, na msibani mtani hana adabu wala hadaiwi adabu. Kaburini alikuwa amelala shimoni akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Sasa aliiangalia mikeka mitupu, akatikisa kichwa.

"Huyu Mwanahamisi wenu kumbe alikuwa mchoyo. Kazika nusu ya Ngamiani kwa pilau, yeye mwenyewe anazikwa kavu kama paka."

Mbaruku hakucheka. Alijua utani ni utani, lakini huu ulimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Maisha yake yote na mkewe walikuwa wapishi wa shughuli. Yeye alishika kuni na masufuria, Mwanahamisi akashika viungo na ulimi wa kuonja. Harusi, jando, hitima, kuanua tanga, hakuna uga wa Ngamiani ambao hawakuchimba meko. Halafu ikaja Shibe, na nani tena angemwita mpishi wa watu mia tatu wakati kila mtu kapimiwa chake nyumbani kwake?

Alijikokota hadi kwenye kidirisha chake, kile kisanduku cha bati kilichotobolewa ukutani kuelekea barabarani. Kila nyumba ilikuwa nacho. Mashine za kusambaza, zile za magurudumu sita ambazo watu waliziita kobe, zilipita barabarani kimyakimya, zikasogea ukutani, zikasukuma mfuko ndani, zikaenda zake. Huendi sokoni, huagizi, husemi. Shibe inajua.

Na ilijua kweli. Mwanahamisi alikata roho jana alfajiri. Mbaruku alikuwa bado ameushika mkono wake, hajamwita muosha, hajamwambia hata jirani wa ukutani, kobe wa asubuhi akapita. Alipofungua kidirisha alikuta mkate mmoja. Jana yake ilikuwa miwili.

Mchana huu alikuta mfuko mweupe uliopigwa chapa ya neno POLE. Ndani mlikuwa na ndizi laini na mchuzi mwepesi, kwa maana Shibe ilikuwa imepiga hesabu kwamba koo la mfiwa halipitishi vitu vigumu. Aliupasha, akaugawa sahani mbili, akampelekea Lugusha. Hawajafika mbali, kidirisha kikasema kwa sauti ya mwanamke mpole:

"Mbaruku, umekula nusu. Unajisikia vibaya?"

"Nusu nyingine nimekula mimi, shemeji!" Lugusha alikipigia kelele. "Na chumvi haitoshi!"

Ndipo Mbaruku akaweka sahani chini.

"Keshokutwa tunaanua tanga," alisema. "Mwanamke yule hataanuliwa tanga kwa mikeka mitupu. Wallahi watu watakula hapa. Waondoke hapa vidole vimewanata."

*

Semboja alikuja kutoa pole alasiri hiyohiyo. Alikuwa msimamizi wa Shibe wa kata, lakini alivua viatu mlangoni kama mtoto aliyelelewa, kwa sababu alilelewa mtaa uleule. Mama yake alikuwa bado anakaa ng'ambo ya barabara, na siku alipotoka jandoni pilau lake lilipikwa na Mbaruku.

"Pole, mzee wangu."

"Nimeshapoa. Nataka mchele."

"Mchele upi tena?"

"Wa kulisha mtaa siku ya kuanua tanga. Na nyama, vitunguu, mafuta. Ghala lenu lile limejaa hadi kwenye paa, nimeliona. Toa."

"Mzee wangu, nyumba yako ina mdomo mmoja."

Alisema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayesoma namba ya mlango. Mbaruku alimtazama machoni.

"Rudia."

"Nisamehe. Ndivyo inavyohesabika. Nyumba yako ina mdomo mmoja, na mdomo huo una chakula chake. Majirani nao wana nyumba zao na chakula chao. Hakuna mwenye njaa mtaa huu, hata mtoto mmoja. Sasa utamlisha nani?"

"Nani kakwambia watu walikula msibani kwa sababu ya njaa?"

Semboja akaeleza, na alieleza vizuri, maana hakuwa mjinga. Shibe hupima vitu viwili, kinachoingia dirishani na mwili wa anayekila. Ukanda wa mkononi unaijua damu, mizani ya jikoni inajua kilichobaki. Vikilingana, nyumba iko sawa. Visipolingana, mashine haijui tena yule mtu amekula nini, na isiyemjua haiwezi kumpimia kesho. Basi nyumba hiyo inafungwa, yaani inaingizwa kwenye upimaji upya, na kila kilichokuwa kimepangwa kwa mwili wa mtu, dawa zikiwemo, kinasimama hadi daktari wa Shibe athibitishe.

"Wenye presha chumvi yao imepimwa. Wajawazito, dawa yao ya damu imo humohumo kwenye mboga. Wewe mwenyewe, mzee wangu, ni lini umeumwa miguu?"

Mbaruku aliitazama miguu yake. Miguu ilikuwa haimuumi tena, hilo lilikuwa kweli. Wala hakuwa mtu wa kulilia soko. Soko lilimpunja vya kutosha: kisado kilichojazwa nguo chini, mafuta yaliyochanganywa na mabaya zaidi, maharage ambayo ukiyaloweka wanaelea fukusi wengi kuliko maharage. Aliyetaka kulilia hayo alilie.

"Soko mlizike, sina neno," alisema. "Mimi nakuuliza habari ya sinia. Watu kunawa bakuli moja, wakakaa mduara. Hilo liko upande gani wa mizani yenu?"

"Weka ombi la shughuli maalumu."

"Lugusha wa Urambo kaweka ombi, wali wake unaota ndevu. Msiba haungoji ombi, Semboja. Nitawaomba watu walete mifuko yao, niipike chungu kimoja. Mtafunga mtaa mzima?"

Semboja aliinuka kuvaa viatu vyake. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Mashine haioni haya, mzee wangu. Itafunga."

*

Kesho yake Mbaruku alipita nyumba kwa nyumba na Lugusha nyuma yake. Hakuzunguka mbuyu. "Kesho mfuko wako wa mchana ukifika, usiupike. Ulete kwangu. Shibe watakuja juu, nakuambia mapema. Utaleta?"

Wengine walisema inshallah, ile inshallah ya kumfukuza mtu mlangoni. Mwalimu mmoja mstaafu alisema hataki upuuzi, tumbo lake limetulia sasa baada ya miaka ya vidonda, na Mbaruku akamjibu, "Sawa, nimekusikia," akaenda zake. Mama yake Semboja alifungua mlango nusu.

"Mwanangu si ataniandika?"

"Atakuandika."

"Aniandike vizuri basi. Jina langu refu, asilikate."

Nyumba ya Siwema aliiacha ya mwisho. Siwema alikuwa shoga wa marehemu tangu usichana, wa kuvaa sare na kuambiana siri, na binti yake Hidaya alikuwa ameketi kizingitini akisuka ukili. Msichana alikuwa na kovu la moto lililotoka shavuni hadi shingoni. Kabla ya Shibe alikuwa na kifafa kibaya. Alianguka darasani, alianguka njiani, na siku moja alianguka jikoni uso ukaingia kwenye jiko. Vidonge vya hospitali vilisaidia leo vikakataa kesho, mara vikakosekana kabisa. Sasa dawa yake ilikuja ndani ya chakula chake, katika mfuko wenye mstari wa buluu, imepimwa kila siku kwa jinsi ubongo wake ulivyoamka siku hiyo. Alikuwa hajaanguka tangu avunje ungo.

Mbaruku hakumngoja Siwema afungue kinywa.

"Wewe usilete kitu."

"Shemeji, mimi nije mkono mtupu kwenye tanga la Mwanahamisi? Nilipomzaa huyu, nani alinikanda? Nani alinipikia uji wa pilipili manga?"

"Njoo hata na mikono miwili mitupu. Dawa ya mtoto imo kwenye chakula, na nyumba yako wasiiguse. Uje, ukae, ule, uondoke."

"Mimi Shibe siitukani," Siwema alisema. "Wengine mnaiona adui. Mimi imenirudishia mtoto."

"Nami sikwambii uitukane. Nakwambia usilete."

"Watu watasema."

"Wakisema, waje waseme kwangu."

Siwema aliitikia, "Haya, shemeji," huku anatazama chini. Mwanamke wa Ngamiani akikuitikia huku anatazama chini, hajakuitikia. Mbaruku alikuwa ameoa mmoja wao umri wake wote na hilo alilijua. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa hesabu za kuni, akapita.

*

Siku ya kuanua tanga alivunja kibanda chake cha uani, kile cha kutunzia vyombo vya kazi, akapasua mbao zake kuwa kuni. Lugusha alisaidia kuinjika sufuria kubwa, akalalamika kwamba ni la kumwogeshea ndovu. Maji yakachemka. Saa saba ikafika, kanda zikatetema, na watu wakainuka kama walivyoinuka siku ya kwanza, bila kumtazama usoni.

Mbaruku alibaki na mwiko mkononi, mbele ya maji matupu yanayotokota.

"Basi tutakunywa chai," alisema Lugusha.

Mbaruku alisukuma kuni ndani.

Wa kwanza kurudi alikuwa mama yake Semboja, mfuko ameubeba kichwani kama ndoo, mtu yeyote auone. Nyuma yake wakaja wawili, kisha mlango mmoja ukafunguka, na wa jirani, na wa ng'ambo, hadi barabara nzima ikawa na watu wamebeba mifuko ya Shibe kurudi msibani. Mwalimu mstaafu hakuja. Wengine wote walikuja. Wanawake wakatandaza mikeka ya kuchambulia, mifuko ikapasuliwa, kila kitu kikamwagwa kwenye nyungo pamoja. Mchele mweupe wa vijana, mchele mwekundu wa wenye sukari, mtama wa wazee, vipande vya nyama vidogo kama vya sadaka. Hakuna pilau lililowahi kupikwa la namna ile. Mbaruku alianza na mtama unaochelewa kuiva, akafuatisha mwekundu, mweupe ukaja juu, na viungo akavitoa katika makopo ya Mwanahamisi mwenyewe. Tangu kitunguu kilipoingia kwenye mafuta, harufu ilikuwa inaruka ukuta.

Katikati ya pilikapilika Siwema alipita na kitu amekizungushia khanga, akakimwaga kwenye ungo, akaondoka haraka. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Moshi ndio uliomleta Semboja. Alisimama kizingitini na sahani yake ya kioo mkononi, namba nyekundu zikitembea juu yake moja baada ya nyingine.

"Mzee wangu, nyumba zote hizi zinasoma kwamba hazijala."

"Hazijala. Pilau halijaiva. Una haraka gani?"

Watu walicheka. Masinia yalikuwa yameanza kupangwa, maji ya kunawa yanazungushwa, mfuniko umepaliwa makaa. Ndipo ukanda mmoja ukalia. Haukutetema kama zile nyingine. Ulilia kwa sauti kali isiyokatika, kama ndege aliyenaswa, kutoka mkononi kwa Hidaya.

Semboja alikuwa wa kwanza kumfikia. Alisoma ukanda, akasoma sahani yake.

"Hujala mchana?"

"Mama aliniambia nitakula msibani," alisema Hidaya.

"Na mfuko wako? Ule wa buluu?"

Uga wote uligeuka kumtafuta mama yake. Siwema alikuwa ameketi na wanawake wenzake karibu na mlango. Aliweka mikono kichwani.

"Nimeutia," alisema. "Nimeutia pamoja na wangu, wangu peke yake ni haba. Ningekujaje, jamani? Ningekuja mkono mtupu mbele ya watu wote, kwa Mwanahamisi?"

Hakuna aliyemkemea. Ubaya wenyewe ulikuwa huo: kila mwanamke pale alijua kwamba angefanya vilevile.

"Kwa hiyo dawa imo humu?" Lugusha alilitazama sufuria. "Tutakula tulale?"

"Humo imekuwa kama tone kisimani, haimdhuru mtu," alisema Semboja. "Wala haimfai mtu. Mzee wangu, njoo huku."

Alimvuta Mbaruku pembeni, lakini sauti ilimpanda na watu walisikia kila kitu. Ukanda unaonyesha kifafa kinakaribia. Muda upo, si mwingi. Na Shibe haitatoa mfuko mwingine wa buluu kwa nyumba ambayo chakula chake kimeliwa na watu wengine, itaipeleka kwenye upimaji upya kwanza.

"Lakini bado hamjala," alisema Semboja. "Kama hakuna aliyekula, nina ruhusa ya kuandika kimemwagika. Ajali. Kila nyumba inaletewa upya, hakuna anayefungwa, na wa buluu unafika hapa kabla hujakaa chini. Mwage, mzee wangu. Mwage tu chini, nione kwa macho yangu."

"Nimwage chakula cha msiba."

"Au mpeleke hospitali wampe vidonge vya zamani. Hapo wataulizia aliyekipoteza chakula cha mgonjwa, na lazima mtu aweke dole. Akiweka mama yake, mtoto anachukuliwa kwenye nyumba ya uangalizi. Sheria iko hivyo, sikuitunga mimi. Na mkila, mtaa mzima unafungwa. Mwage. Hakuna atakayekulaumu."

Mbaruku alilisogelea sufuria. Aliokota matambara mawili, akashika masikio yake. Aliona mbele yake nyuso za watu waliorudi na mifuko kichwani, na aliona shavu la Hidaya lenye kovu. Wali ni wali, alijiambia. Mtoto ni mtoto. Mwanahamisi mwenyewe angekuwa ameshalipindua zamani. Aliinamisha. Chombo kikainuka upande mmoja kutoka kwenye figa.

"Baba mkubwa, usimwage."

Hidaya alikuwa amesimama. Midomo ilikuwa imeanza kumkauka na mkono mmoja ulikuwa unacheza wenyewe, lakini sauti ilikuwa yake.

"Mkimwaga leo, msiba ujao hamtapika. Mtasema, tungepika, lakini yuko Hidaya. Na harusi itakuja mtasema, yuko Hidaya. Mimi sitaki kuwa kamba ya kuufungia mtaa. Nimeanguka mara nyingi, najua kuanguka. Nipelekeni hospitali, nyinyi kuleni."

"Mwanangu!" Siwema alilia.

"Mama, na wewe ule. Umeshakitia."

Lugusha alisema polepole, na safari hii hakuwa anatania, "Huyu mtoto ana kichwa kuliko sisi."

Mbaruku alirudisha sufuria juu ya mafiga. Akafuta mikono, akavaa kofia yake.

"Semboja, andika. Aliyetia mfuko wa buluu chunguni ni mimi."

"Mzee wangu, sote tumesikia aliye..."

"Umesikia nini? Mpishi ni nani hapa? Kiingiacho chunguni nakijua mimi. Andika Mbaruku, nyumba yenye mdomo mmoja. Dole nitaliweka mwenyewe hospitali."

"Watakifunga kidirisha chako. Si kwa wiki. Daima. Na wewe ndiye mwenye tanga, huwezi kuondoka tanga halijaanuliwa!"

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mfiwa kuuacha mkeka wa mkewe kabla haujakunjwa, na chakula alichokipika mwenyewe kabla hakijapakuliwa, kwa watu wa pale ni jambo la kusimuliwa vizazi. Alimtazama Lugusha.

"Mtani, kaa mahali pangu."

"Nitakaa. Na nitajipakulia nyama yako."

"Jipakulie. Mkiligeuza vibaya kule chini litashika, anzieni pembeni."

Akambeba Hidaya mgongoni, mzito kama mtu mzima, akatoka naye barabarani kutafuta bajaji, Siwema akikimbia nyuma na khanga imemwanguka.

*

Hidaya alimwangukia mlangoni mwa hospitali. Mbaruku alikuwa ameshamtelemsha, amemshika kwapani, akahisi mwili wote unakazika kama ubao, kisha ukaanza kupiga. Alikaa naye chini kwenye saruji, akamlaza ubavu, akakiweka kichwa kwenye mapaja yake kisigonge. Povu likamlowesha suruali. Wapita njia wakasimama. Siwema alikuwa amepiga magoti anarudia jina la Mungu na jina la mtoto, moja baada ya jingine.

Hapo ujasiri ulimtoka Mbaruku. Ni wewe, alijiambia. Ungemwaga tu. Wali wa kumwaga, ndio uliokushinda?

Wauguzi walikuja na sindano. Mtikisiko ukapungua, ukakoma. Daktari wa zamu aliuliza chakula cha mgonjwa kimekwenda wapi.

"Nimekipika," alisema Mbaruku. "Kwenye msiba wa mke wangu. Niletee hicho kidude niweke dole."

"Ulijua kina dawa?"

Siwema alifungua kinywa. Mbaruku alimkata jicho, akakifunga.

"Nilijua. Weka hivyo."

Daktari alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu, akasogeza kioo. Mbaruku alibonyeza dole hadi ukucha ukawa mweupe. Wakawapa vidonge kwenye karatasi, vya kumeza asubuhi na jioni, na maelezo ambayo Siwema alikuwa hajayasahau.

Hidaya alipofumbua macho, aliupapasa kwa kidole ulimi alioung'ata.

"Wamekula?" aliuliza.

"Sijui," alisema Mbaruku. "Nilikuwa nimekushika wewe."

"Wakiwa wamemwaga, baba mkubwa, nitakasirika sana."

*

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa waliporudi. Kuanzia kona ya barabara Mbaruku aliona taa nyekundu, moja juu ya kila kidirisha, nyumba hii na ile na ile, kulia na kushoto. Kidirisha cha mwalimu mstaafu peke yake kilikuwa kijani. Chake yeye kilikuwa kimebanwa bati jipya, misumari inang'aa.

Watu walikuwa wamejaa nje. Lugusha alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono imeng'aa mafuta hadi viwikoni.

"Mmekula?"

"Tumekula hadi tumekwangua ukoko. Mtama ulikuwa mgumu kidogo, nisikufiche. Tanga nimelianua mimi, na shehe kanipa mkono wa pole badala yako. Nimekuwa mjane wa Mwanahamisi."

"Na Semboja?"

"Hakula. Alisimama pale mlangoni akaandika nyumba zote, mpaka ya mama yake. Mama akamwambia ataje jina zima. Akalitaja, akaondoka analia."

Mbaruku aliitikia kwa kichwa. Hakumwonea chuki Semboja. Alisogea kwenye kundi la wanawake waliokuwa wanapiga kelele kuzunguka kidirisha kimoja, kwa kuwa makobe wa jioni walikuwa wamepita, na mfuko uliotoka ulikuwa wa rangi moja kwa nyumba zote: uji mzito wa kijivu, wa watu walio kwenye upimaji upya, mtoto na mzee kipimo kilekile.

"Huu ndio wa kula mpaka lini?" mmoja aliuliza. "Fundi, umetuponza."

"Nimewaponza, ndiyo."

"Sasa?"

Wakamtazama wote. Wengine kwa hasira, wengine walikuwa bado na shibe ya mchana machoni. Siwema alisimama kando, amemshika Hidaya kiuno. Mbaruku alichukua ule mfuko, akautoboa, akachovya kidole. Alionja. Alionja tena, polepole, kama alivyomwona mkewe akionja, akatema mate barabarani.

"Hauna chumvi, hauna mafuta, hauna baba wala mama," alisema. "Nani ana tangawizi nyuma ya nyumba? Nani ana mnazi uani kwake? Lugusha, inuka, kaoshe lile sufuria. Nyinyi wengine leteni mifuko, yote, msiache hata mmoja ndani. Huu tutaula pamoja."